Ugiriki kwa Meli Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tunapotangaza safari ya Mei au ya Septemba, watu hupiga simu kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Muscat, hata Toronto, na wengi huuliza mambo yaleyale. Nimeyakusanya hapa kwa mpangilio wa jinsi yanavyokuja. Kama swali lako halimo, uliza tu.

Hii ni safari ya namna gani?

Ni siku 11 katika meli ya abiria wasiozidi 50, kutoka Piraeus, bandari ya Athens, na kurudi hapohapo. Tunapita mfereji wa Korintho hadi Itea, tunapanda mlimani kwenda Delphi. Kisha Katakolo kwa ajili ya Olympia, halafu Pylos, Monemvasia, na Nafplio, ambako Mycenae na Epidaurus ni mwendo mfupi wa basi. Kutoka hapo tunakata bahari ya Aegean usiku kwenda Delos na Naxos, tunatia nanga Patmos, kisha tunarudi. Chumba chako ni kilekile tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo sanduku unalifungua mara moja. Unalala Nafplio, unaamkia Delos.

Kwa nini meli ndogo, wakati zile kubwa ni nafuu?

Ni kweli kwamba ukigawa gharama kwa siku, meli kubwa huwa rahisi zaidi. Ina mabwawa ya kuogelea, sinema, na mahali pa watoto kucheza. Kama hivyo ndivyo mnavyotaka kama familia, nendeni nayo, mtafurahi.

Lakini miji mingi ya Ugiriki ya kale ilijengwa ikitazama bahari, na bandari zake zilipimwa kwa vyombo vidogo. Nafplio meli yetu inafunga kamba gatini. Unashuka ngazi, hatua mia mbili tatu uko kwenye meza ya mkahawa. Meli kubwa hutia nanga mbali, watu wakapangwa foleni kusubiri boti za kuwashusha. Katakolo nako, meli kubwa mbili zikifika asubuhi moja, maelfu ya watu wanaingia Olympia kwa pamoja. Sisi tukiamka mapema tunatangulia. Uwanja wa mbio wa Olympia ukiwa mtupu, umande bado majanini, na mstari wa mawe wa kuanzia mbio uko chini ya vidole vyako vya miguu: hicho ndicho ninachotaka ukione. Mbio fupi ya pale ilikuwa mita 192 hivi, kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, na kwa mapokeo ya Wagiriki mashindano ya Olimpiki yalianza mwaka 776 KK.

Mfereji wa Korintho: kweli meli inapita ndani yake?

Inapita, na ndiyo sababu kubwa ya kuchagua chombo chembamba. Mfereji una urefu wa kilomita 6.3 na upana wa mita 21 hivi chini ya maji. Meli nyingi za kisasa haziingii hata kwa kusukumwa.

Watu waliutamani mfereji huo kwa muda mrefu ajabu. Karne ya 6 KK hivi Wakorintho walijenga barabara ya mawe, Diolkos, wakawa wanaburuta vyombo na mizigo juu ya nchi kavu kutoka bahari moja hadi nyingine ili kukwepa kuizunguka Peloponnese yote, rasi kubwa ya kusini. Mfalme Nero alianza kuchimba mwaka 67 BK, kwa nguvu za wafungwa na watumwa, akafa mwaka uliofuata na kazi ikaachwa. Uliofunguliwa ni huu wa mwaka 1893.

Siku hiyo msibaki vyumbani. Boti ya kuvuta inatangulia, na daraja la mlangoni halinyanyuki, linazama majini ili meli ipite juu yake, kisha linaibuka likichuruzika maji na magari yanaendelea. Halafu kuta zinaanza kupanda, pande zote mbili, mpaka zinakaribia mita 80, na mbingu inabaki utepe wa buluu. Mwamba una rangi ya tambi mbichi, na kwenye nyufa zake kumeota vichaka ambavyo unadhani ukinyoosha mkono utachuma jani. Watu waliokuwa wakipiga kelele sitahani hunyamaza wenyewe. Nahodha naye huwa hazungumzi na mtu mpaka tumetoka.

Jueni pia kwamba kuta hizo huporomoka. Mfereji ulifungwa mapema mwaka 2021 kwa sababu ya maporomoko, na tangu hapo umekuwa ukifunguliwa kwa misimu huku ukikarabatiwa. Ukiwa umefungwa wakati wetu, Delphi tunaiendea kwa basi kutoka Athens kabla ya kupanda meli. Tutakuarifu kabla hujamaliza kulipa.

Mimi ni mtu wa Pwani. Mawe ya Wagiriki yananihusu nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na huwa naulizwa na wazee.

Maandishi ya zamani zaidi tuliyonayo yanayoeleza pwani yetu kwa kirefu yaliandikwa kwa Kigiriki. Ni kitabu kidogo cha mwongozo wa bahari, Periplus ya Bahari ya Eritrea, cha karne ya 1 BK. Aliyekiandika hakutia jina lake, lakini inaonekana alikuwa mfanyabiashara wa Kigiriki aliyeishi Misri. Anaiita pwani yetu Azania. Anataja pembe za ndovu na magamba ya kasa, anataja wafanyabiashara wa Kiarabu waliooana na wenyeji na kuijua lugha yao, na mwishoni kabisa anataja soko liitwalo Rapta. Jina hilo, anasema, linatokana na mashua zilizoshonwa. Kwa Kigiriki *raptos* ni kitu kilichoshonwa. Mtu wa Lamu akilisikia neno hilo anaona mtepe mara moja: mbao zimeungwa kwa kamba ya nazi, bila msumari.

Kwa hiyo Mgiriki mmoja aliwahi kuitazama pwani yetu miaka karibu 2,000 iliyopita, na miongoni mwa aliyoona yafaa kuandikwa ni ufundi wa chombo. Sisi tunakwenda kumtazama kwao.

Kuna na maneno. Kalamu unayoandikia ilitoka kwa Wagiriki ikapita kwa Waarabu ikafika kwetu, na njia hiyohiyo ilipitwa na falsafa, askofu na dirhamu. Mwongozaji wetu Delphi alipotusomea maandishi ya ukutani akataja *kalamos*, mzee mmoja wa Pemba alitoa biki mfukoni akamwonyesha.

Sijasoma historia. Nitaambulia chochote?

Ndiyo, ukikubali kwenda polepole. Kosa la wengi ni kutaka kuona kila nguzo. Mimi husema chagua kitu kimoja kila mahali, ukae nacho.

Pylos, kwa mfano, chagua vibao vya udongo. Mwaka 1939 mwanaakiolojia Carl Blegen alianza kuchimba kasri linaloitwa la Nestor, mfalme wa hadithi za Wagiriki, na karibu mara moja akakuta ghala ya kumbukumbu. Vibao hivyo vilikuwa vya udongo mbichi, vya kutumika mwaka mmoja na kutupwa, ila kasri lilipoungua mnamo 1200 KK moto ukavichoma vikawa vigumu kama chungu. Hati yake haikusomeka hadi mwaka 1952, Mwingereza Michael Ventris alipoifumbua na kukuta ni Kigiriki. Na vinasema nini? Hesabu. Wapiga makasia wangapi wametoka kijiji gani, shaba kiasi gani, wanawake wa kazi na watoto wao wanapata ngano na tini kiasi gani. Yeyote aliyewahi kushika daftari la chama cha akiba atajisikia nyumbani.

Epidaurus chagua sauti. Ukumbi wa maigizo wa pale ni wa karne ya 4 KK, una safu 55 za mawe zilizopinda kama ungo, na unaweka watu 14,000 hivi. Wengi huangusha sarafu katikati au kuchana karatasi ili walio juu wasikie. Safari moja mwalimu mstaafu wa kikundi chetu, mama wa Tanga, alisimama kwenye lile jiwe la duara katikati, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama aliye mlangoni kwa jirani: "Hodi." Tuliokuwa safu za juu kabisa tulilisikia neno zima, hadi lile "d" lake. Tukaitika kwa pamoja, "Karibu!" Wajerumani waliokuwa pembeni wakatuuliza tumeimba nini. (Kuimba kwa nguvu walinzi hawaruhusu. Hodi waliipitisha.)

Delphi ni kwa waganga?

Kwa namna fulani. Wagiriki walipaita kitovu cha dunia, na jiwe la kitovu liko kwenye makumbusho. Kuhani wa kike, Pythia, aliketi ndani ya hekalu la mungu Apollo na kutoa majibu kwa wafalme na wakulima. Majibu yenyewe yalitaka akili ya msikilizaji. Krezo, mfalme wa Lydia aliyesifika kwa utajiri, aliambiwa kwamba akiivamia Uajemi ataangusha dola kubwa. Akavamia, na dola iliyoanguka ikawa yake. Waathene nao, Waajemi walipowajia mwaka 480 KK, waliambiwa wategemee ukuta wa mbao. Baadhi wakajenga boma la mbao kwenye Akropoli, ngome ya kilimani ya Athens, lakini kiongozi wao Themistokles akasema ukuta huo ni meli, na Wagiriki wakashinda vita majini, Salamina. Kisiwa hicho utakiona siku ya kwanza tu tukitoka Piraeus.

Njia ya Delphi ni ya kupanda mlima. Anza mapema na chupa ya maji.

Kwa nini Delos mnaipa muda mwingi, wakati hakuna hata hoteli?

Hakuna hoteli kwa sababu hairuhusiwi kulala. Ni kisiwa kitupu, hakuna kijiji, kuna walinzi na wachimbaji wa mambo ya kale tu. Wagiriki waliamini Apollo na Artemi walizaliwa pale. Waathene walikitakasa kisiwa mwaka 426 KK, wakafukua makaburi yote na kuyahamishia kisiwa cha jirani cha Rheneia, wakapiga marufuku mtu kuzaliwa au kufia Delos. Mjamzito na mgonjwa mahututi walivushwa.

Halafu, mwaka 166 KK, Warumi wakaifanya bandari isiyotoza ushuru. Kisiwa kitakatifu kikageuka soko. Utaona nyumba za matajiri zenye sakafu za vijiwe vya rangi, pomboo na chui wamechorwa kwa vipande vidogo kuliko punje ya choroko. Utaona simba wa marumaru wamekaa mkao wa kunguruma (walio nje ni nakala, wa asili wako ndani wasiliwe na upepo wa chumvi). Na utaelezwa mtaji wa sehemu ya utajiri huo. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeishi baadaye kidogo, aliandika kwamba Delos iliweza kupokea na kuwatoa watumwa elfu kumi kwa siku moja. Palikuwa na msemo wa wafanyabiashara: tia nanga, shusha, vyote vimeshauzwa.

Wanaakiolojia hawajakubaliana ni uwanja upi hasa ulikuwa soko hilo. Lakini mtu aliyewahi kusimama Mkunazini, Zanzibar, pale ambapo soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa juu yake, hahitaji kuonyeshwa uwanja. Nilipofika Delos mara ya kwanza nilikuwa nimebeba maswali mengi juu ya Apollo. Niliondoka nikiwafikiria wale elfu kumi, waliotolewa Siria, Thrakia, na pwani za Anatolia, wakashushwa kwenye kisiwa kilekile nilichoshukia mimi. Ndiyo maana nusu siku hainitoshi, na sitakubali tuipunguze ili tupate muda wa kununua shanga Mykonos, kisiwa cha jirani.

Mbona Santorini haimo?

Ni kisiwa kizuri, na Akrotiri, mji uliofukiwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, unastahili safari yake peke yake. Lakini foleni ya gari la kamba la kupandia Fira, mji mkuu wa kisiwa, inaweza kula asubuhi yako yote. Serikali ya kisiwa imeweka kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku, na tangu Julai 2025 kila abiria wa meli anayeshuka kati ya Juni na Septemba anatozwa euro 20. Tumechagua Naxos badala yake. Pale mlango mkubwa wa marumaru wa hekalu la Apollo lisilomalizika, kazi ya karne ya 6 KK, umesimama peke yake juu ya kijisiwa, na watoto wa mji wanaogelea chini yake. Anayetaka Santorini sana tunamsaidia kupanda feri kutoka Athens baada ya safari.

Bahari itachafuka? Mimi hulevywa na bahari.

Inategemea mwezi. Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini uitwao *meltemi*, unaopiga Aegean kwa siku kadhaa mfululizo huku mbingu ikiwa safi kabisa. Mtu aliyezoea kaskazi na kusi ataelewa kwamba upepo una msimu na nguvu yake haiji bila taarifa. Tofauti ni kwamba huu hupanda mchana, ukatulia kidogo usiku, ndiyo maana sehemu ndefu tunazivuka gizani. Meli ndogo hutikisika zaidi kuliko kubwa, hilo lazima niseme. Omba chumba cha katikati na cha chini, si cha omo wala cha tezi. Kunywa dawa kabla tumbo halijaanza, kula biskuti kavu, na kaa nje ukitazama upeo wa macho.

Nahodha akisema leo hatutoki, hatutoki. Mara mbili tumeshinda bandarini kwa ajili ya upepo, na mara zote mbili nilimshukuru.

Jambo moja litakalokushangaza kama umekulia Pwani: bahari ile haipwi. Maji hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo vibanda vya samaki viko ukingoni kabisa mwa maji, na hakuna kina mama wanaookota chaza wakati wa bamvua.

Mwezi gani ni mzuri?

Mei au Septemba. Mei maua bado yapo kati ya mawe. Septemba maji ya kuogelea yana joto. Julai na Agosti jua hufika nyuzi 40, na miaka ya karibuni Akropoli imewahi kufungwa saa za adhuhuri kwa ajili ya joto.

Viza je?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen (viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya), inayoombwa kwa Ugiriki kwa kuwa ndiko anakokaa siku zote. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya kurudi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini ukingoja hizo siku 15 umejiharibia mwenyewe. Anza miezi mitatu au minne kabla.

Taarifa ya benki iwe ya kweli na yenye mwendo wa kawaida. Pesa nyingi iliyoingia wiki moja kabla ya maombi inazua maswali. Tunakupa barua ya nafasi yako melini na ratiba ya kila siku. Usilipe tiketi ya ndege isiyorejeshewa pesa mpaka viza iko mkononi. Ndugu mmoja aliwahi kumwamini wakala wa mtaani aliyemwahidi "viza ya uhakika", akapoteza ada, miezi miwili na nafasi yake. Hakuna viza ya uhakika.

Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo tenga muda zaidi uwanjani.

Ndege, na tofauti ya saa?

Wengi wetu hupitia Doha, Dubai, Istanbul, Addis Ababa au Cairo. Fika Athens siku moja kabla. Meli haisubiri ndege iliyochelewa.

Saa ni jambo la kufurahisha: tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa ya Ugiriki ni sawa na ya kwetu. Ukipigia nyumbani saa mbili usiku, na wao ni saa mbili usiku. Ila ratiba ya meli huandikwa 08:00, nayo ni saa mbili asubuhi. Kila safari narudia hili mezani siku ya kwanza.

Chakula kikoje? Kuna halali?

Utakula vizuri. Utakuta pweza wameanikwa juani kwenye kamba mbele ya mikahawa kama nguo zilizofuliwa, halafu wanachomwa kwa makaa na kunyunyiziwa siki na mafuta ya zeituni. Aliyekula pweza Forodhani ataona tofauti: wa kule ni mkavu zaidi, na una ladha ya moshi. Kuna *horta*, mboga za majani za porini zilizochemshwa na kukamuliwa limau, ambazo watu wetu huzikimbilia siku ya tatu wakishachoka na jibini. Kahawa yao huchemshwa na unga wake, huletwa katika kikombe kidogo na glasi ya maji. Usiikoroge wala usinywe mpaka chini.

Kwa Waislamu: meli ikiarifiwa wiki nne kabla, inaandaa samaki, mboga na nyama ya halali iliyonunuliwa Athens. Nje ya meli kuwa mwangalifu na mishkaki. *Souvlaki* mara nyingi ni nguruwe, hata kama mwenye duka hakutaja. Neno la kukumbuka ni *hirino*, nguruwe. *Kotopoulo* ni kuku, *arni* ni kondoo, lakini kuchinjwa kwake ni suala jingine. Katika miji midogo samaki ndiye salama yako. Kibla ni kusini mashariki. Meli ikigeuka usiku, muulize baharia wa zamu, wameshazoea kuulizwa.

Tunapita alikopita Mtume Paulo?

Baadhi. Korintho ya kale tunaitembelea siku ya mfereji, na jukwaa la mawe ambapo Paulo alifikishwa mbele ya liwali Galio bado lipo katikati ya soko. Athens, Areopago ni mwamba ulio chini ya Akropoli; unateleza, shika ngazi ya chuma. Patmos ndiyo Patmo ya Ufunuo wa Yohana. Kuna pango linaloheshimiwa kama mahali alipoona maono, na juu kilimani monasteri iliyoanzishwa mwaka 1088. Mabega na magoti yafunikwe. Beba kanga, hakuna vazi linalofaa kuliko hilo, nusu ya wageni wengine huishia kuazima vitambaa mlangoni.

Nitapokewaje nikiwa Mwafrika?

Katika bandari ndogo, kwa macho kwanza, kisha kwa maneno, kisha kwa kiti. Wataulizia mpira wa kikapu, maana Giannis Antetokounmpo, aliyezaliwa Athens kwa wazazi wa Nigeria, ni fahari yao. Athens kwenyewe polisi wanaweza kukuomba kitambulisho mtaani, na wenzetu weusi huombwa zaidi. Tembea na nakala ya pasipoti na kadi ya meli. Ikikutokea niarifu hata kama imeisha salama.

Mama yangu ana miaka 74, magoti yanasumbua. Aje?

Aje, tukishazungumza kwanza. Delos na Olympia ni tambarare kiasi, ingawa mawe hayalingani. Delphi, Mycenae na mji wa juu wa Monemvasia ni vya kupanda. Akropoli ina lifti kwa wenye shida ya kutembea. Ngome ya Palamidi pale Nafplio, wanayosema ina ngazi 999, hufikiwa pia kwa gari kwa upande wa nyuma. Na kubaki gatini siku moja si hasara. Monemvasia imeungana na nchi kavu kwa njia moja tu, na jina lake lina maana hiyohiyo, "mlango mmoja". Kuketi na kahawa ukiutazama mwamba ule ukibadilika rangi jioni ni ziara kamili.

Nifungashe nini?

Viatu vya soli ya mpira, kofia, koti jepesi la upepo, adapta ya pini mbili za duara. Visigino virefu vimepigwa marufuku kwenye maeneo ya kale, vinatoboa marumaru. M-Pesa haitakufaa dukani. Beba kadi na euro kidogo taslimu. Chooni, karatasi huwekwa kwenye ndoo ya pembeni, haimwagwi na maji, maana mabomba ni membamba.

Lugha itanishinda?

Kiingereza kinatosha bandarini. Lakini jifunze *kalimera*, habari za asubuhi, na *efharisto*, asante. Angalia haya pia: *ne* ni ndiyo, ingawa sikio letu linasikia kukataa. Mgiriki akikataa huinua nyusi na kutoa sauti ya "ts". Usidhani amekusonya. Na usimwonyeshee mtu kiganja kilichofunguka usoni, hata kama unaagiza samaki watano. Kwao ni tusi zito.

Bei inahusisha nini?

Chumba, milo yote melini, mwongozaji, mabasi ya ziara na viingilio vilivyomo kwenye ratiba. Haihusishi ndege, viza, bima, vinywaji vya nje, chakula cha mchana cha mjini, wala ushuru wa abiria wa bandarini, ambao hulipwa kwa jumla melini. Bakshishi ya wafanyakazi huwekwa kwenye bahasha usiku wa mwisho, kwa hiari, na hugawanywa kwa wote, hadi kwa wa jikoni ambao huwaoni. Anayesafiri peke yake huongezewa gharama ya chumba; tukipata mwenzako wa jinsia moja mkakubaliana, nyongeza inaondoka.

Naweza kuokota kijiwe au kigae kidogo kama ukumbusho?

Hapana. Sheria ya Ugiriki inakataza kutoa kitu chochote cha kale, hata kipande kisichotosha kufunika kidole gumba, na adhabu yake si ya mchezo. Delos vigae vimetapakaa njiani, unavikanyaga. Kijana mmoja wetu alikiinua kimoja, kipini cha mtungi, akakuta alama ya dole la mfinyanzi imebaki kwenye udongo. Akaweka dole lake pale, likaenea. Alikaa nacho dakika nzima, akatuita tukakiangalia, kisha akakirudisha alipokitoa na kukilaza vilevile.

Nunua sabuni ya mafuta ya zeituni, sifongo ya baharini, au asali ya thaimu. Asali weka kwenye sanduku kubwa, kwa sababu mkobani wataitoa uwanjani.